Mwongozo wa Shabiki wa Sebene Aliyeangushwa na Bendi Yake

Mwongozo huu ni wa shabiki aliyeipenda bendi ya rumba tangu enzi za redio na kanda, akangoja miaka mingi bendi hiyo ifike Isiolo, akalipa kiingilio, akasimama mbele ya jukwaa hadi usiku wa manane, kisha akarudi nyumbani bila kusikia sebene hata moja iliyofika mwisho. Kama unaishi Bulla Pesa, Kulamawe au Kiwanjani na umewahi kuhudhuria shoo ya zilizopendwa hapa mjini, huenda ninakuzungumzia wewe. Nami nimo humo humo. Nina hasira, na naamini hasira hiyo ni halali. Lakini nimeona watu wakiudhika ovyo hadi wakaishia kumtukana mpiga gitaa, ambaye mara nyingi ndiye aliyeumia kuliko sisi sote. Afadhali tuudhike kwa utaratibu.

Kwanza, jua unadai nini. Ukisema tu kwamba shoo haikunoga, jirani asiyeijua rumba atakuuliza, "Si wameimba nyimbo zote? Ulitaka wakupikie na chakula?" Mjibu bila kupandisha sauti. Mwambie wimbo wa rumba ya Kikongo, pamoja na rumba ya Kiswahili iliyokulia Nairobi na Dar es Salaam, huanza polepole. Waimbaji wanasimulia kisa chao, wanaitikiana, tarumbeta zinapita katikati, besi inatembea bila haraka. Kisha mambo yanageuka. Waimbaji wananyamaza, dramu zinabadili mwendo, na gitaa la solo linapanda kwenye nyuzi nyembamba na kushika kipande kifupi, labda noti sita au saba tu, kinachorudiwa na kurudiwa. Gitaa la pili, lile wanaloliita mi-solo, linajipenyeza kati ya solo na ridhimu. Ridhimu inashikilia uwanja mzima. Besi inaanza kuruka. Mpiga solo anabadili noti moja, wenzake wanaisikia na kumjibu, na mguu wako unaondoka kabla hujauamuru. Hapo ndipo sebene ilipo. Jukwaani haina urefu maalumu. Inaendelea maadamu wapigaji wanasikilizana na wachezaji wanawaitikia, na mpiga solo hodari huitazama miguu ya watu kwanza ndipo aamue kugeuza.

Hiyo ndiyo bidhaa uliyoilipia. Sauti za waimbaji unazo kwenye simu, na kwenye simu zinasikika vizuri kuliko zilivyosikika kwenye spika zile zilizokuwa zikikoroma uwanjani. Sebene ya usiku ule, iliyopigwa kwa ajili ya watu wale waliokuwa wamesimama pale, haimo katika simu ya mtu yeyote. Ilipaswa kutengenezwa mbele yetu, na haikutengenezwa.

Ukishamaliza hapo, mweleze jirani kwa nini sisi wa Isiolo tunadai kuliko watu wa Nairobi. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyimbo nyingi za bendi hizi zilitolewa kwa santuri ndogo za inchi saba, zenye mizunguko 45 kwa dakika. Santuri hiyo haina nafasi ya wimbo mrefu kwa upande mmoja. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sauti inafifia, unaigeuza santuri, unasikiliza sehemu ya pili. Sebene mara nyingi ilikuwa ng'ambo ile ya pili. Aliyekuwa na gramafoni aligeuza mwenyewe. Sisi tuliotegemea redio tulimtegemea mtangazaji, na mtangazaji alikuwa na saa ukutani na taarifa ya habari iliyokuwa ikimngoja. Nimekulia kwenye nyimbo zilizofifia pale pale gitaa la solo lilipokuwa linavuta pumzi.

Na bendi zenyewe hazikuwa zikija. Isiolo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu vita vya shifta vya miaka ya 1960, na sheria hizo zilifutwa mwaka 1991 tu. Lami iliishia hapa kwetu. Mbele yake ilikuwa vumbi na mawe hadi Moyale. Mwanamuziki wa Nairobi aliyekuwa na basi bovu na tarumbeta za kukopa alikuwa na kila sababu ya kuishia Nanyuki au Meru. Basi elewa hali ya mtu wa hapa anapoona bango la bendi kongwe limebandikwa karibu na soko. Anachokwenda kukisikiliza ni ule upande wa pili wa santuri, ambao redio haikumpa.

Mtu akikuambia kwamba watu wa kaskazini hawana subira ya wimbo mrefu, usimvumilie. Mji huu ni wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Nenda kwenye harusi ya Wasamburu uone wimbo wa morani ukiendelea bila ala hata moja, koo na miguu tu, mpaka duara lenyewe liamue kwamba limetosheka. Nenda kwa Waturkana wanapocheza edonga. Hakuna anayetazama saa. Watu wa namna hii wanajua kabisa tofauti ya ngoma inayoongozwa na wachezaji na ngoma inayoongozwa na ratiba, na huwezi kuwauzia hii ukisema ni ile.

Ya pili ni somo la historia, ambalo ni la lazima, kwa sababu shabiki asiyejua bendi ilivyofanya kazi atalaumu mtu asiyehusika.

Zile sebene tunazozililia zilitoka katika kazi ya kila usiku. Simba Wanyika ya akina Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, vijana wa Tanga waliopitia Arusha ndipo wakaja Kenya, ilikuwa bendi ya kupiga usiku baada ya usiku mbele ya watu. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wake walijitoa wakaanzisha Les Wanyika: Professor Omari Shabani kwenye ridhimu, Tom Malanga kwenye besi, Rashid Juma kwenye dramu, wakiungana na Issa Juma na John Ngereza. Wimbo wao wa "Sina Makosa" umeishi hadi leo, na mtu akitaka kujua kwa nini, asikilize jinsi ridhimu na besi zinavyopishana bila kugongana. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuzoeana vidole jukwaani kabla bendi yao haijapata jina. Mangelepa nao walianza hivyo hivyo mwaka 1976, walipojitenga na bendi ya Baba Gaston hapo Nairobi. Super Mazembe walikuwa wamefika mjini humo mwaka 1974. Samba Mapangala akaunda Virunga mwaka 1981. Hao wote waligombea wasikilizaji wale wale katika vilabu vya mji mmoja, na bendi iliyolala usingizi wiki moja ilipoteza watu wake kwa bendi ya mtaa wa pili.

Dar es Salaam walikuwa na njia yao. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Jina limebadilika mara kadhaa, Juwata, kisha OTTU, na sasa Msondo Ngoma. Mlimani Park, wale wa Sikinde, walianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye wakachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji. Mpiga gitaa aliyekuwa na mshahara na mazoezi ya kila siku alikuwa na muda wa kutafuta noti yake. Mashabiki wa Msondo na Sikinde walishindana kama mashabiki wa Simba na Yanga, na ushindani huo ulizifanya bendi zote mbili zisithubutu kupiga ovyo.

Ninayataja haya kwa sababu sebene ni tunda la watu kukaa pamoja. Wapigaji wanne wakikutanishwa asubuhi stendi ya magari Nairobi na kuambiwa wapande kwenda Isiolo, hata kama kila mmoja wao ni bingwa, usiku hawatakupa sebene. Watakupa heshima yao na nyimbo unazozijua. Hilo ndilo tulilopewa sisi.

Ya tatu ni ya vitendo: chunguza kabla ya kulipa. Fika uwanjani jioni, jua likiwa bado juu ya paa za mabati, wakati mafundi wanapanga mitambo na hakuna anayekufukuza. Tazama jukwaani. Dramu zipo? Nasema dramu kamili, zenye kiti na mtu atakayekikalia. Ngoma moja iliyowekwa kwa ajili ya picha usiihesabu. Hesabu magitaa. Yakiwa matatu pamoja na besi, nunua tikiti bila wasiwasi. Yakiwa mawili, jipe moyo, maana hodari wawili wameshafanya maajabu. Likiwa moja, na kando yake kuna kinanda na kompyuta iliyofunguliwa, elewa kwamba bendi imebaki Nairobi na kilichokuja ni jina lake.

Uliza pia tarumbeta ziko wapi. Mwandalizi atakuambia kinanda kitazipiga. Kinanda hakina mapafu. Kinatoa sauti moja ile ile kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna anayeiacha sauti hiyo ipite kwenye rumba isipokuwa mtu aliyekwisha kupokea pesa za kiingilio.

Halafu umtazame mfawidhi. Huyu ni hatari kuliko kompyuta, kwa sababu kompyuta haina tamaa ya kusikika. Mfawidhi wa shoo za siku hizi ana maikrofoni iliyo na sauti kubwa kuliko gitaa la solo, na ana orodha ya wageni mfukoni. Ukimwona amevaa suti inayometameta na anazunguka jukwaani kabla wapigaji hawajapanda, jiandae.

Nieleze yaliyotupata, ili mwongozo huu usiwe wa maneno matupu. Bendi sitaitaja, wala uwanja. Wapigaji wale wamekwisha kudhulumiwa vya kutosha. Tuliambiwa saa moja jioni, tukaanza saa tano usiku. Kuchelewa sikulaumu sana, kwa kuwa rumba haikuwahi kuwa muziki wa mapema, na wengi wetu tulikuwa tumeswali Isha tukanywa na chai kwa raha zetu. Nilicholaumu ni kile kilichofuata. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri, waimbaji wazee wawili, sauti zimechakaa lakini ziko sawasawa, na watu tukapiga kelele za furaha. Tukangoja mgeuko. Wimbo ukaisha. Ukaisha ghafla, kama tulivyousikia kwenye matangazo ya redio, na dramu za mashine zikakatika zote kwa pamoja. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Kwa mwendo huo bendi iliyokuwa ikipiga nyimbo chache usiku kucha ilizimaliza nyimbo za maisha yake yote kabla ya saa saba.

Katikati ya usiku lilitokea jambo ambalo bado linaniuma. Mpiga solo, mzee mwembamba aliyekuwa amesimama pembeni kabisa karibu na nyaya, alishika kipande kimoja mwishoni mwa wimbo na hakukiachia. Mashine ilikuwa imekwisha kunyamaza. Mpiga besi akamgeukia, akaingia. Mwimbaji mmoja akaokota kengele akaanza kuigonga. Hapakuwa na dramu, na hatukuzihitaji. Tuliokuwa mbele tulipiga makofi tukawa dramu. Mzee akabadili noti moja. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki nyuma wakasimama. Ilikuwa inaanza. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo akiusubiri upande wa pili wa santuri aliuona ukigeuzwa.

Mfawidhi akachukua maikrofoni akatangaza kwamba mheshimiwa amefika.

Muziki ulizimwa. Mheshimiwa alipanda, akasalimu kwa lugha tatu, akamshukuru mwandalizi, akaahidi tamasha kama hilo kila mwaka, akaomba kura ambazo uchaguzi wake haujatangazwa. Aliposhuka, mpiga solo alikuwa amekaa chini juu ya spika, gitaa magotini. Walipiga nyimbo mbili zaidi, juu ya mashine, tukatawanyika.

Hapa ndipo hatua ya nne inapoanza, nayo ndiyo ngumu: usiseme kwamba wazee wamechoka. Ni neno jepesi na si la kweli. Kidole cha mzee hupungua mbio, lakini sebene haikujengwa kwa mbio peke yake. Msikilize mpiga gitaa Franco wa Kongo katika "Mario" ya mwaka 1985, wimbo wa zaidi ya dakika kumi, usikie gitaa lisilo na haraka yoyote likimshikilia msikilizaji mpaka mwisho. Mpiga solo wetu alitumia noti chache mno katika zile dakika mbili alizopewa, na zile noti chache ziliusimamisha uwanja. Anayesema wazee wamechoka anamfichia siri mwandalizi aliyeamua kuokoa nauli.

Usiwalaumu vijana pia. Mwishoni mwa mwaka 2024 wimbo wa Super Mazembe, "Kasongo", ulirudi vinywani mwa vijana wa Kenya kwa sababu za kisiasa, na mtoto ambaye baba yake hakuwa amezaliwa wimbo huo uliporekodiwa aliujua kiitikio chake. Nilifurahi, na bado nafurahi. Tatizo ni kwamba waandalizi walisikia kiitikio kile kwenye vipande vya video vya simu, wakadhani wimbo wa bendi ya zamani ni kiitikio tu, na kwamba kilichobaki ni cha kukatwa. Vijana waliokuwa karibu nami usiku ule waliruka kwa zile dakika mbili kuliko mtu mwingine yeyote. Mmoja aliniuliza, "Mzee, hii ndiyo nini? Mbona hawakuipiga tangu mwanzo?" Nilimjibu inaitwaje. La pili sikuwa na jibu lake.

Ya tano, usiondoke bila kuzungumza na mpiga gitaa. Mngoje nyuma ya jukwaa, umsalimu vizuri, umnunulie chai. Wanamuziki hawa wamezoea watu wa kupiga nao picha. Hawajazoea mtu wa kuwauliza juu ya kazi yao. Nilimkuta yule mzee kwenye kibanda kinachouza chai ya maziwa ya ngamia usiku, nikamwuliza, "Mzee, mbona hukuiacha solo iende?"

Akasema, "Iende wapi, mwanangu? Nyuma yangu kuna mashine. Ikifika dakika ya nne inazima, nami nabaki peke yangu kama kichaa."

"Na mpiga dramu?"

"Yuko Nairobi. Gari lilikuwa la viti saba. Kimoja cha dereva, kimoja cha mwandalizi, kimoja cha mfawidhi. Tulichaguana."

Akakaa kimya kidogo, kisha akataka kujua kama wale waliosimama nyuma kwenye viti walikuwa wamesimama kwa ajili ya mheshimiwa au kwa ajili yake. Nilimwambia kwa ajili yake, naye akaniomba nirudie.

Kwa hiyo ya sita: peleka malalamiko mahali panapohusika. Mwandalizi ana simu na ana ofisi. Mwambie uso kwa uso, bila matusi, kwamba alikuuzia bendi akaleta sehemu yake. Barabara haiwezi kuwa kisingizio. Kutoka Nairobi ni kilomita karibu 280 za lami, na lami hiyo sasa inapita hapa hadi Moyale. Uwanja wa ndege tunao tangu mwaka 2017. Gari la abiria kumi na wanne lingewaleta wapigaji wote na ala zao, na tofauti ya gharama yake ni ndogo kuliko ile ya taa za rangi zilizokuwa zikitupiga machoni usiku kucha. Mwandalizi aliyekodi taa akamwacha mpiga dramu ameshakuambia anakufikiria nini wewe shabiki. Anafikiri ulikuja kutazama.

Ya saba inahusu kumbukumbu, nayo nimeiazima mbali. Marekani kulikuwa na bendi iliyoitwa Grateful Dead, iliyoanza California mwaka 1965 na kuvunjika mwaka 1995 baada ya kifo cha mpiga gitaa wake, Jerry Garcia. Muziki wao hauko karibu na rumba, lakini desturi yao inafanana sana na sebene: wimbo mmoja ungeweza kunyooshwa kwa dakika ishirini au zaidi, na haukupigwa kwa namna ile ile siku mbili. Walifanya maonyesho zaidi ya 2,300. Mashabiki wao walikuja na vinasa sauti, na badala ya kuwafukuza, bendi iliwatengea sehemu yao rasmi ukumbini mwaka 1984. Wakabadilishana kanda bure. Matokeo yake ni kwamba shabiki wa bendi ile aliweza kukuambia usiku gani walipiga vizuri na usiku gani walilegea, akakuwekea kanda usikie mwenyewe. Miaka ya mwisho, Garcia akiwa mgonjwa, mashabiki wengi walisema wazi kwamba kiwango kimeshuka, na walisema hivyo wakiwa na ushahidi, na waliendelea kuja.

Sisi tumeziacha shoo za bendi zetu zipotee. Tuna santuri, zile zilizokatwa katikati, na tuna masimulizi ya wazee waliokuwa vilabuni. Zile sebene za nusu saa za Nairobi na Dar es Salaam, nyingi zimekwenda na waliozipiga. Wilson Peter, George Peter, Professor Omari, John Ngereza, wote wamefariki. Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kikongo katika orodha ya urithi wa binadamu, na lilikuwa jambo jema, lakini orodha haitatuambia mpiga solo alifanya nini saa tisa usiku watu walipokataa kukaa. Basi unapoenda shoo, omba ruhusa ya bendi, weka simu mahali pamoja karibu na spika ya gitaa, rekodi sauti tu na uiache itulie. Hiyo ya kuinua simu juu na kurekodi uso wako ukiimba kiitikio iache kabisa. Unamziba aliye nyuma na huhifadhi chochote. Nina rekodi ya zile dakika mbili. Makofi yetu yanasikika, solo inasikika, na sauti ya mfawidhi inasikika ikiingia. Yeyote atakayeniambia hapakuwa na bendi usiku ule nitamsikilizisha, na yeyote atakayeniambia ilikuwa shoo nzuri nitamsikilizisha vile vile.

Ya mwisho ni kutosusa. Najua kishawishi kilichopo: kusema hutatoa tena shilingi yako, ukae nyumbani na kanda zako. Ukifanya hivyo, bango lijalo litamkuta mwandalizi yule yule akiwa na sababu nzuri zaidi ya kuleta wapigaji wawili, kwa kuwa atasema wapenzi wa rumba wamekwisha. Wapigaji wa kweli bado wapo, Nairobi wapo, Dar es Salaam wapo, na wengine wao wana kazi nyingine mchana kwa sababu gitaa haliwalishi. Harusi tunachangiana hapa mjini, karo tunachangiana, wagonjwa tunawachangia. Mashabiki wa kutosha kujaza ukumbi mmoja mdogo wakichanga, wanaweza kuikodi bendi nzima kwa usiku mmoja bila taa za rangi, bila mfawidhi, na bila mheshimiwa yeyote isipokuwa yule aliyelipa mlangoni na kukaa kimya. Walipwe kabla hawajapanda jukwaani, na wapewe usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, pasiwe na mtu wa kuwaambia muda umekwisha. Yule mzee mwembamba awe miongoni mwao, na mbele yake asimame yule kijana aliyeniuliza swali.

Na ninyi waandalizi, ombi letu ni moja. Mkibandika bango la bendi hapa Isiolo, msiandike jina la bendi peke yake. Andikeni majina ya watakaopiga: nani kwenye solo, nani kwenye mi-solo, nani kwenye ridhimu, nani kwenye besi, na nani kwenye dramu. Tukiliona jina la mpiga dramu, tutalipa, na tutakaa hadi alfajiri.